Maneno Madogo Yaungayo Sentensi za Kiingereza

Mwaka 1997 nilikuwa karani katika ghala moja la kahawa, upande wa Masaka. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia, kujaza vitabu vya hesabu, na kuandika barua za Kiingereza, maana mkubwa wangu alijua ya kuwa nilipata alama nzuri za somo hilo nilipomaliza shule hii. Siku moja akaniambia, “Waandikie wale wakulima wa kule kilimani kwamba tutanunua kahawa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo tunafunga, tunahamia mahali pengine.” Nikaketi, nikaandika: “We shall buy your coffee by Friday.” Nikatia sahihi, nikapiga mhuri, barua ikaenda.

Ijumaa ikafika, na hapana mkulima hata mmoja aliyetokea kilimani. Jumamosi asubuhi, tulipokuwa tukipakia mizani katika lori, akaja katibu wa wakulima wale juu ya baiskeli, barua yangu mkononi. “Mbona hamkuja?” akauliza. “Mliandika kwamba mtakuwa mmenunua kahawa yetu kabla Ijumaa haijapita. Tumekaa na magunia kando ya barabara siku nne, tukingoja lori lenu.” Yule katibu alikuwa ameisoma barua sawasawa kama ilivyoandikwa. Aliyekosea ni mimi. Wakulima wale waliiuza kahawa yao kwa mchuuzi aliyepita njia, kwa bei ya chini, na mzee mmoja miongoni mwao hakupata karo ya kutosha ya mwanawe. Kijana akakaa nyumbani muhula mzima.

Neno lililoleta hasara ile lina herufi mbili tu. Ndiyo sababu, ndugu wanafunzi, na ninyi mliokwisha kutoka hapa mkaenda kazini, napenda leo tuyatazame pamoja maneno madogo ya Kiingereza yanayounga sentensi. Nitaeleza kwa Kiswahili kwa kuwa sisi tunatoka nyumba za lugha nyingi, na Kiswahili ni mahali tunapoweza kukutana. Tena mtaona kwamba Kiswahili chenyewe kina ufunguo wa jambo hili.

Makundi mawili

Shuleni tunafundishwa kwamba yapo makundi mawili ya maneno haya. La kwanza ni viunganishi. Kiunganishi hufunga neno na neno, au sentensi na sentensi: “and”, “or”, “but”, “because”, “although”. La pili ni vihusishi. Kihusishi hutangulia jina, nacho huonyesha jina hilo lina uhusiano gani na maneno mengine, ama wa mahali, ama wa wakati, ama wa sababu: “in”, “on”, “at”, “by”, “with”, “from”. Kihusishi na jina lake hufanya fungu moja, nalo hutembea pamoja kama watu wawili walioshikana mikono: “in the store”, “by Friday”, “with my brother”.

Mpaka hapo si vigumu. Ugumu huanza kwa kuwa tunafundishwa makundi haya siku mbalimbali, kumbe katika maneno ya kila siku hukutana katika sentensi moja. Tena baadhi yake huingia kundi hili leo na kundi lile kesho. Basi mtu anayejua orodha zote mbili kwa moyo aweza bado kuandika barua kama ile yangu.

Ufunguo wa kwanza: tazama “ya”

Soma sentensi hizi mbili za Kiswahili:

Nilichelewa kwa sababu mvua ilinyesha.
Nilichelewa kwa sababu ya mvua.

Ya kwanza, baada ya “kwa sababu” imefuata sentensi kamili yenye mtenda wake na kitendo chake: mvua ilinyesha. Ya pili, limefuata jina tu: mvua. Nasi, bila kufundishwa na mtu, tumetia “ya” katikati. Hakuna mtoto asemaye “kwa sababu ya mvua ilinyesha.” Sasa tazama Kiingereza:

I was late because it rained.
I was late because of the rain.

Ni jambo lile lile. Likifuata jina, weka “because of”. Ikifuata sentensi kamili, weka “because” peke yake. Hata hivyo kila mwaka nasoma katika madaftari, “I did not come because of I was sick.” Kijana aliyeandika hivyo asingekosea katika lugha ya mama yake. Mganda husema “olw'enkuba” likifuata jina, na “kubanga” ikifuata sentensi, wala hachanganyi hata akiwa usingizini. Basi na atumie akili ile ile aliyozaliwa nayo.

Jambo hili si la ajabu ukijua neno “because” lilikotoka. Zamani lilikuwa maneno mawili, “by” na “cause”, yaani kihusishi na jina lenye maana ya sababu. Waingereza wakayasema pamoja miaka mingi mpaka yakashikana yakawa neno moja. “Kwa sababu” yetu imejengwa vile vile: “kwa”, kisha jina “sababu”. Lugha mbili zilizo mbali namna ile zimechukua kihusishi na jina, zikafanya kiunganishi.

Ziko jozi nyingine za namna hii. “Wakati wa” ni “during”, na hufuatwa na jina: “during the lesson”, wakati wa somo. Lakini “wakati tulipokuwa tukisoma” ni “while we were reading”, kwa kuwa limefuata fungu lenye mtenda na kitendo. Usiandike “during we were reading.” Kadhalika “licha ya” ni “in spite of” au “despite”, na hufuatwa na jina: “in spite of the rain”. Lakini “ingawa” ni “although”, na hufuatwa na sentensi kamili: “although it was raining”.

Hapa natoa tahadhari mbili. Ya kwanza: “ya” ya Kiswahili hukuonyesha kwamba jina linakuja, lakini haikuahidi kwamba Kiingereza kitatia “of”. “In spite of” ina “of”, “despite” haina, wala “during” haina. Wengi huchanganya wakaandika “despite of the rain”. Ni kosa. Chagua moja: ama maneno matatu, “in spite of”, ama neno moja, “despite”.

Ya pili ni juu ya “although”. Sisi husema, “Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja.” Waganda nao huanza na “newankubadde” wakamalizia na “naye”. Kiingereza hakipendi kufunga mzigo mmoja kwa kamba mbili. Ukianza na “although”, usitie “but” mbele yake: “Although he was ill, he came.” Ukitaka “but”, basi acha “although”: “He was ill, but he came.” Na ukianza na “because”, usitie “so” huko mwisho: “Because it rained, we stayed indoors.” Kamba moja yatosha.

Kitendo kilichogeuka jina

Wapo watakaouliza, “Na ikiwa baada ya ‘ya’ limefuata tendo, tufanyeje? Tunasema ‘kabla ya kuondoka’, ‘baada ya kula’, ‘licha ya kuwa mgonjwa’.” Swali zuri. Katika Kiswahili, tendo lenye “ku” laweza kukaa mahali pa jina. Twasema “kusoma kwake kuzuri”. Kiingereza nacho hugeuza tendo kuwa kama jina kwa kulitia mwisho wa “-ing”. Basi palipo na “ya” na “ku”, andika “-ing”:

kabla ya kuondoka: before leaving
baada ya kula: after eating
licha ya kuwa mgonjwa: in spite of being ill

Usiandike “after to eat” wala “before to leave”. Kihusishi cha Kiingereza hakikubali kufuatwa hivyo.

Lakini angalieni nani anayetenda. Tukisema “baada ya kula, tulianza kusoma”, waliokula na waliosoma ni wale wale, basi “After eating, we began to read” yafaa kabisa. Tukisema “baada ya kengele kulia, tulitoka nje”, iliyolia ni kengele, na waliotoka ni sisi. Hapo ni salama kutumia sentensi kamili: “After the bell rang, we went out.” Mwanafunzi mmoja aliniandikia insha akasema, “On reaching the school, the rain began to fall.” Nilielewa alivyotaka kusema. Lakini kwa maneno yale, iliyofika shuleni ni mvua, labda na sanduku lake kichwani. Angeandika, “When I reached the school, the rain began to fall,” pasingekuwa na kicheko.

Maneno yenye kazi mbili

Sasa tufikie maneno manne yasiyobadilika umbo hata kidogo: “before”, “after”, “since” na “until”. Haya hufuatwa na jina, na hufuatwa pia na sentensi kamili, bila kuongezewa kitu:

after the lesson. After the lesson ended
before supper, before we eat supper
since Monday, since he left
until Friday, until the lorry comes

Vitabu vya shule husema kwamba neno likifuatwa na jina ni kihusishi, na likifuatwa na sentensi ni kiunganishi. Mtaalamu mmoja wa Denmark, Otto Jespersen, katika kitabu chake “The Philosophy of Grammar” cha mwaka 1924, alitoa hoja kwamba hakuna haja ya kuligawa neno moja mara mbili. Twaweza kuamini mtu, na twaweza kuamini kwamba mtu amesema kweli. Kitendo “amini” ni kile kile, ila kinachofuata ndicho tofauti. Mwaka 2002 Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi kubwa ya Kiingereza iliyotoka Cambridge, waliyaweka maneno kama haya pamoja na vihusishi kwa hoja kama hiyo. Nimewatajia hayo ili mkikutana nayo chuoni msishangae. Katika mtihani wa shule, fuateni majina mliyofundishwa na mwalimu wenu. La kuandika ni lile lile, kwa jina lo lote litakaloitwa.

Jambo moja hutupotosha katika maneno haya. Habari ikiwa ya wakati ujao, Kiingereza hakitii “will” baada ya “until”, “before” wala “after”. Sisi husema “ngoja mpaka nitakaporudi”, basi tunaandika “wait until I will come back.” Sema “wait until I come back.” Mkikumbuka kwamba Kiswahili pia husema “ngoja mpaka nirudi”, pasipo “ta”, mtakuwa mmeipata njia.

Barua yangu ya kahawa

Sasa narudi kwenye kosa langu. Neno letu “mpaka” ni pana. Mwalimu akisema, “Nitakaa hapa mpaka Ijumaa,” maana yake anaendelea kukaa leo, kesho, na kesho kutwa, hata Ijumaa ifike. Akisema, “Nakupa mpaka Ijumaa uwe umelipa,” hana maana kwamba utakuwa ukilipa kila siku. Maana yake utalipa mara moja, siku yo yote, ila usipitishe Ijumaa. Kiswahili kimetumia neno moja. Kiingereza kina mawili, wala hayabadilishani: la kwanza ni “until”, la pili ni “by”.

I shall stay here until Friday.
You must pay by Friday.

Njia ya kuyapambanua ni hii. Jiulize, je, kitendo kinaendelea muda wote hata wakati ule ufike? Basi ni “until”. Au kinatimia mara moja kabla wakati ule haujapita? Basi ni “by”. Njia nyingine ni kujaribu neno “kufikia” mahali pa “mpaka”. “Kufikia Ijumaa uwe umelipa” yasikika vizuri, basi ni “by”. “Nitakaa hapa kufikia Ijumaa” haisikiki vizuri, basi ni “until”.

Mkubwa wangu alikusudia kwamba ghala litaendelea kununua, siku baada ya siku, na mwisho wake ni Ijumaa. Ilinipasa kuandika, “We shall go on buying coffee at this store until Friday.” Badala yake niliandika kwamba kufikia Ijumaa kahawa yao itakuwa imenunuliwa, nao wakaichukua kuwa ahadi. Je, si haki yao?

Tena kumbukeni kwamba “by” hupenda jina tu. Haikubali sentensi kamili nyuma yake. Ukitaka kuifuatisha sentensi, sema “by the time”: “By the time the lorry came, the farmers had gone home.” Na palipo na kukana, “until” huwa na maana ya kungoja: “We shall not buy until Friday” ni kusema hatutanunua mpaka Ijumaa ifike. Mwone jinsi neno dogo linavyoweza kuwaleta watu na magunia yao mapema, au kuwaacha nyumbani.

“Na” ya Kiswahili ina milango mitatu

Neno letu “na” lafanya kazi ambayo Kiingereza hukabidhi maneno matatu. “Juma na Okello walikuja” ni “and”. “Nilikuja na kaka yangu” ni “with”. “Aliumwa na nyoka” ni “by”. La kwanza ni kiunganishi, mawili yaliyobaki ni vihusishi. Mwanafunzi akitafsiri haraka huandika “he was bitten with a snake”, na msomaji akadhani nyoka alitumiwa kama fimbo.

Tofauti ya “and” na “with” yaonekana hasa katika kitendo kinachofuata. Ukiunga watu kwa “and”, wote ni watenda, na kitendo huwa cha wengi: “The headmaster and his deputy are coming.” Lakini ukitumia “with”, “together with” au “as well as”, mtenda ni yule wa kwanza peke yake, na wa pili ameongezwa pembeni: “The headmaster, together with his deputy, is coming.” Watu ni wale wale wawili, lakini sentensi inamhesabu mmoja.

“And” ina marafiki wake pia. Ukisema “between”, lazima ifuate “and”: “between Kampala and Jinja”, “between eight and ten o'clock”. Ukisema “from”, ifuate “to”: “from Monday to Friday”. Usichanganye ukaandika “between eight to ten”. Na kwa kuwa “between” ni kihusishi, maneno yote mawili yanayoufuata hubadilika sawasawa: “between you and me”, si “between you and I”. Hili hata Waingereza wengi hukosea, kwa kudhani kwamba “I” ni ya adabu zaidi.

Kuunga vihusishi viwili

Mara nyingine kiunganishi hufunga vihusishi viwili kwa jina moja. Mwaona jambo hili kila siku katika matangazo: “to and from school”, kwenda shuleni na kutoka, “with or without a coat”, kwa koti au bila koti, “on or before 30th June”. Hili la mwisho lina fedha ndani yake. “Before 30th June” maana yake tarehe 30 yenyewe haimo. Ukija siku ile umechelewa. “On or before 30th June” maana yake tarehe 30 imo. Anayesoma fomu ya karo au ya kuomba kazi na asome neno kwa neno.

Kanuni ya hapa ni kwamba kila neno lishike kihusishi chake. Husemwa “interested in”, na husemwa “good at”. Ukitaka kuyaunga, usikinyang'anye kimoja haki yake. Si “She is interested and good at music,” bali “She is interested in and good at music.” Ukiona ni nzito, vunja sentensi: “She is interested in music and good at it.” Lakini vikiwa na kihusishi kimoja, chatosha mara moja: “She is fond and proud of her school,” kwani yote mawili hutaka “of”.

Tena kurudia kihusishi kwaweza kubadili maana. Fomu ikisema, “Bring a letter from your headmaster and your chief,” msomaji aweza kudhani ni barua moja yenye sahihi mbili. Ikisema, “Bring a letter from your headmaster and another from your chief,” hapana shaka ni barua mbili. Ukiwa wewe ndiwe mwandishi wa fomu, usimwachie mwombaji kazi ya kubahatisha. Kijana aweza kukosa nafasi kwa ajili ya hilo.

Na palipo na “both”, “either” au “not only”, pande mbili ziwe sawa kama mizani. “Both in Kampala and in Jinja”, au “in both Kampala and Jinja”. “Not only at school but also at home.” Kikiwa na kihusishi upande wa kushoto baada ya neno la kuunga, na kiwe pia upande wa kulia.

Mazoezi

Tangu shule ya msingi mmezoea maswali ya kuandika sentensi upya kwa kuanza na neno fulani. Haya basi, tafsirini sentensi hizi, kisha ndipo mtazame majibu.

1. Mchezo uliahirishwa kwa sababu ya mvua.
2. Ingawa alikuwa mgonjwa, alifanya mtihani.
3. Ngojeni hapa mpaka mwalimu aje.
4. Kazi hii iwe imekwisha kufikia saa kumi.
5. Kabla ya kuondoka, zimeni taa.
6. Maktaba hufunguliwa kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja.
7. Lipeni karo tarehe 10 Februari au kabla yake.

Majibu: 1. The match was put off because of the rain. 2. Although he was ill, he sat the examination. Au, In spite of being ill, he sat the examination. 3. Wait here until the teacher comes. 4. This work must be finished by four o'clock. 5. Before leaving, put out the lights. 6. The library is open from eight to five. 7. Pay the fees on or before 10th February.

Aliyekosa la tatu na la nne asione haya. Mimi nilikosa la nne nikiwa karani mwenye mhuri.

Mwisho

Kwa ufupi, kabla hujaandika neno la kuunga, jiulize mambo mawili. Kwanza, je, kinachofuata ni jina, au ni sentensi kamili? Kiswahili chako kitakujibu kwa “ya”. Pili, je, pande mbili ninazoziunga ni sawa, na kila neno limepata kihusishi chake? Ukijibu vizuri hayo mawili, makosa mengi yatakuacha. La “by” na “until” lihitaji kukumbukwa peke yake, nami nimekwisha kulikumbuka kwa niaba yenu.

Baada ya mambo yale ya kahawa nilikwenda kilimani kumwomba radhi yule mzee. Nilimkuta ameketi barazani, nikapiga magoti kama ilivyo desturi, nikamweleza kosa lilivyokuwa. Hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa Kiganda, “Mwanangu, kosa lako nimelielewa. Sasa mweleze na huyu, ili akirudi shuleni asije akaliandika.” Akamwita kijana wake aliyekuwa akichambua maharage uani. Nikaketi naye juu ya mkeka, nikaandika juu ya karatasi “by” upande huu na “until” upande ule. Ndilo somo la kwanza nililofundisha maishani mwangu, na tangu siku ile sijaacha kulifundisha.